Namna ya kumsifia mhudumu wa hoteli kwa mwajiri wake

Kwa miaka sita nilikaa kwenye meza ya mapokezi ya hoteli moja mjini Kigoma, na pamoja na funguo za vyumba nilikabidhiwa ufunguo mdogo wa kisanduku cha maoni kilichotundikwa karibu na mlango wa kuingilia. Kila Jumamosi jioni nilikifungua, nikayatoa makaratasi, nikayapanga na kuyapeleka kwa meneja. Malalamiko yalikuwa yameandikwa kwa uangalifu wa kushangaza: namba ya chumba, saa ambayo maji yalikatika, jina la aliyepigiwa simu asipokee, hata idadi ya mbu waliouawa ukutani. Sifa zilikuwa nusu mstari, mathalani "Huduma nzuri", "Wahudumu wakarimu" au "Mungu awabariki". Meneja aliyasoma malalamiko akawaita watu ofisini. Zile sifa alizitazama, akatabasamu, akazirudisha mezani kwangu, nami nikazitia katika faili ambalo sikumbuki kama kuna aliyewahi kulifungua.

Wahenga walisema chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na huenda ndivyo ilivyo sokoni. Hotelini niliona kinyume chake, kwa maana kibaya kilifika ofisini kabla ya saa mbili asubuhi bila kusindikizwa na mtu, ilhali chema kilibaki chumbani, kikaondoka na mgeni wake kwenye treni ya kwenda Tabora. Maelezo yanayofuata ni kwa ajili ya mgeni ambaye amehudumiwa vizuri, anataka uongozi ulijue jambo hilo, na anataka sifa yake imfae yule aliyeifanya kazi, si kumfurahisha tu mwenye hoteli.

Eleza tendo lililofanyika

Neno "mkarimu" halimsaidii meneja kwa lolote. Hawezi kuliweka katika taarifa ya mwezi, hawezi kulitumia kumwelekeza mhudumu mpya, na wala hawezi kulitetea mbele ya mmiliki anayetaka kupunguza watu. Anachoweza kukitumia ni tukio lenye tarehe, saa, mahali na matokeo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, jiulize mambo matatu: ulikuwa na shida au haja gani, mhudumu alifanya nini hasa, na kutokana na alichokifanya kilitokea nini au kiliepukwa nini.

Mji wa Kigoma una mazingira yake yanayozaa matukio ya namna hiyo kwa wingi. Reli ya kati inaishia hapa, na treni inayotoka Dar es Salaam kupitia Tabora ikichelewa njiani, abiria hushuka saa ambazo jiko la hoteli limekwisha kufungwa. Hifadhi ya Gombe haina barabara ya kuifikia, hivyo anayekwenda kuwaona sokwe hana budi kupita ziwani, na wanaokodi boti ufukweni Kibirizi hupenda kuondoka mapema kabla upepo haujachafua maji. Maana yake ni kwamba kuna mtu jikoni anayeamka saa tisa usiku ili mgeni apate chai saa kumi na moja. Mgeni huyo akiandika kwamba "chakula kilikuwa kitamu", aliyeamka saa tisa hayumo katika sentensi hiyo. Lakini akiandika kwamba tarehe fulani alipewa kifungua kinywa kilichofungwa vizuri saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kama alivyoahidiwa, na kwamba boti yake iliondoka kwa wakati, meneja ataitazama ratiba ya zamu na kumjua mhusika hata kama jina lake halikuandikwa.

Huna haja ya kungoja jambo la ajabu. Nimewaona wageni wengi wakisita kuandika kwa kudhani kwamba kinachostahili barua ni mhudumu kurudisha pochi yenye fedha, na kwamba chumba kilichofagiliwa vizuri ni wajibu tu usiostahili neno. Wajibu unaotimizwa siku saba mfululizo bila kukumbushwa ni habari nzuri kwa mwajiri yeyote mwenye akili, na pengine ni adimu kuliko pochi iliyorudishwa. Andika basi kwamba kwa siku zote saba ulikuta chandarua kimefungwa vizuri, ndoo ya maji imejazwa kwa ajili ya saa ambazo bomba halitoi, na taulo limebadilishwa bila wewe kuomba.

Lipate jina, lakini kwa uangalifu

Wageni wetu huita watu "dada", "kaka", "mama" au "bosi", na huondoka baada ya siku nne bila kumjua kwa jina hata mmoja wa wale waliowapikia. Hilo ni adabu yetu na silikosoi, ila barua yenye neno "yule dada mweupe wa jikoni" inazaa ubishi usio na maana. Kama mhudumu ana beji, lisome jina na uliandike hapo hapo katika simu yako. Kama hana, muulize, lakini usianze na jina. Mhudumu wa hoteli akiulizwa "Unaitwa nani?" na mgeni mwenye uso mkavu, moyo humwenda mbio, kwa sababu mara nyingi swali hilo hutangulia kushtakiwa. Anza na sababu: "Dada, jana umenisaidia sana, nami ningependa kumweleza meneja wako. Niandike jina gani?" Utaona mabega yakishuka.

Jina analoitwa na wenzake huenda lisiwe ndilo lililo katika mkataba wake, na katika hoteli yenye watu ishirini wanaweza kuwamo wawili au watatu wa jina moja, kwa hiyo ongeza idara na zamu: mapokezi zamu ya usiku, usafi ghorofa ya kwanza, jikoni asubuhi. Ukishindwa kabisa kulipata jina, tarehe na saa vinatosha, maana ratiba ya zamu hubandikwa ukutani nyuma ya mapokezi, na meneja hahitaji zaidi ya dakika moja kumtambua mtu.

Usiwasahau watu ambao hukuwaona. Dobi aliyelitoa doa la mawese kwenye shati lako la mkutano hakuja chumbani kupokea shukrani. Mlinzi aliyeamka usiku kufunga madirisha ya veranda mvua ilipoanza, nawe ukaamka asubuhi ukakuta viatu vyako vikavu, hutamkuta kwenye zamu ya mchana. Katika miaka ile ambayo umeme wa Kigoma ulitegemea mitambo ya dizeli na kukatika kulikuwa jambo la kila wiki, hoteli yetu ilikuwa na fundi wa jenereta aliyelala kibandani kando ya mtambo wake. Nilifungua kisanduku kile kila Jumamosi kwa miaka sita na sikuwahi kukuta karatasi hata moja iliyomtaja, ingawa alipougua siku tatu tulipata makaratasi kumi na moja kuhusu giza.

Sifa inaweza kumponza anayesifiwa

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anifuate polepole, kwa kuwa ni jambo ambalo mimi mwenyewe, pamoja na kukaa kwangu mapokezi, nililikosea.

Miaka kadhaa baada ya kuacha kazi nilikuwa Tabora kwa shughuli za kifamilia, nikalala katika nyumba ya wageni ambayo sitaitaja. Treni niliyokuwa nikiingojea ilitangazwa ghafla kuwa ingeingia saa tisa usiku, na hakukuwa na bodaboda hata moja barabarani. Mlinzi, mzee wa makamo mwenye tochi na koti kubwa, aliniambia "Twende, baba," akaubeba mfuko wangu wa asali, lita kumi za asali ya miombo, akanisindikiza hadi kituoni na kungoja mpaka nilipopanda. Nilipofika nyumbani niliandika barua ndefu yenye kila kitu: saa, umbali, uzito wa mfuko, hata namna alivyonimulikia mitaro. Baada ya siku chache meneja alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. Alinishukuru, kisha akauliza: "Lakini mzee, kwa muda wote huo lango lilikuwa na nani?"

Lango lilikuwa halina mtu. Mlinzi wa usiku alikuwa ameacha lindo kwa karibu saa nzima, mimi ndiye niliyetoa ushahidi kwa maandishi, na aliyesifiwa akapewa onyo. Nilimpigia meneja mara mbili kumwombea msamaha, na nadhani onyo lilifutwa, ila sijui kama yule mzee atambebea tena mgeni mzigo wake.

Tangu hapo nimekuwa na kanuni ya kumuuliza mhusika kabla ya kuandika: "Hili nikilieleza kwa meneja halitakuletea shida?" Yeye anazijua taratibu za kazi yake kuliko wewe. Kuna mambo ambayo karibu kila mara humgeuka mtendaji: chakula au kinywaji alichokupa bila kukiingiza kwenye bili, chumba alichokufungulia upumzike kabla ya saa ya kuingia, zamu aliyobadilishana na mwenzake kimyakimya, namba yake ya simu aliyokupa, nauli aliyokukopesha, na mahali pa kazi alipopaacha ili akusaidie. Ukiona tendo lenyewe lina moja ya hayo ndani yake, sifia sehemu isiyo na shaka. Ningeweza kuandika kwamba mlinzi alikuwa macho saa tisa usiku, alinijulisha kwa wakati habari za treni na kunifungulia lango kwa adabu. Yote hayo yalikuwa kweli na yasingemdhuru.

Jihadhari vilevile na sifa za sura. Mgeni mwanamume anayeandika kwamba mhudumu wa mezani ni "binti mrembo mwenye tabasamu zuri" anaweza kuwa na nia safi kabisa, lakini barua hiyo itasomwa na wanaume wawili ofisini watakaocheka, na binti huyo ataingia kazini kesho yake akijua kwamba walicheka. Sifia kazi ya mikono yake na ya akili yake. Kuhusu bakshishi, mpe mkononi ukitaka, ila usiitaje kiasi katika barua, kwa kuwa hoteli nyingine zina kibubu cha pamoja ambamo kila kinachotolewa na wageni kinapaswa kutumbukizwa, na takwimu yako itamfanya aulizwe kilichobaki kiko wapi. Wala usimpandishe mmoja kwa kuwashusha wenzake. Sentensi ya "yeye peke yake ndiye anayefanya kazi hapo" inampendeza anayeiandika. Anayesifiwa atakula chakula cha mchana na hao wengine mwaka mzima.

Ukiwa na sifa na lalamiko kwa pamoja

Mara nyingi mgeni ana vyote viwili: mhudumu alikuwa hodari na bafu lilikuwa linavuja. Viandike katika karatasi mbili. Nilipokuwa nikipanga makaratasi ya kisanduku nilikuwa na mafungu mawili, na karatasi yenye sifa mistari mitano na "lakini" moja mwishoni ilikwenda katika fungu la malalamiko, ikashughulikiwa na fundi bomba, na jina la mhudumu likaishia huko. Hakuna aliyefanya hila. Ndivyo ofisi inavyosoma.

Njia za kuufikisha ujumbe

Njia ya kwanza, nayo ni ya haraka kuliko zote, ni kumwona meneja au msimamizi wa zamu ana kwa ana siku ya kuondoka. Usiifanye kwenye foleni ya kulipa ambapo kila mtu ana haraka; fika nusu saa kabla, omba kuonana naye, msalimie kama inavyompasa mtu wa umri wake, kisha useme. Mazungumzo yenyewe hayahitaji kuwa marefu:

"Habari za kazi, mama. Naondoka na gari la Kasulu, lakini kabla sijalipa nina neno la shukrani."

"Karibu, baba."

"Ni kuhusu binti anayesafisha ghorofa ya pili. Jana nilisahau bahasha ya nauli chini ya mto. Aliileta mapokezi mwenyewe kabla hata sijajua kwamba nimeipoteza."

"Ngoja niandike, baba. Ulikuwa chumba namba ngapi?"

Ukifikia hapo, kazi imekwisha. Alama ninayoitazama ni kalamu: meneja akiishika na kuuliza namba ya chumba, ujumbe umefika, akisema tu "Ahsante, karibu tena", ujue umepita sikio moja na itakubidi uandike. Iwapo mhudumu yupo jirani, mtazame kwanza kabla ya kumwita ashuhudie. Wapo wanaofurahi kusifiwa mbele ya watu, na wapo, hasa vijana waliotoka vijijini karibuni, ambao wangetamani ardhi ipasuke.

Kisanduku cha maoni na kitabu cha wageni vinafaa endapo utaandika kwa ukamilifu nilioueleza, na ukiacha namba yako ya simu ili aulizwe anayeweza kuthibitisha. Karatasi isiyo na mwenyewe hushukiwa kwamba imeandikwa na mhudumu au rafiki yake, na nisifiche kwamba nimewahi kukuta tatu za namna hiyo zenye mwandiko mmoja.

Maoni ya mtandaoni, yaani kwenye ramani za Google, Booking.com au TripAdvisor, yana faida moja kubwa: mmiliki anayeishi Dar es Salaam au Mwanza, ambaye hakifungui kisanduku cha Kigoma, huyasoma kwenye simu yake. Huko taja jina la kwanza na idara tu, tena kwa ridhaa ya mhusika, na picha yake usiiweke bila kumuomba. Ni adabu ya kawaida, na zaidi ya hapo tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo sura na jina la mtu si vitu vya kurusha hewani kwa kuwa tu unampenda.

Wale wanaokuja kikazi, na Kigoma hawakosekani kutokana na mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi za mkoa huu, wana silaha ambayo wengi hawaitumii. Barua yenye nembo ya shirika linaloweka wageni hotelini kila mwezi husomwa mara mbili, kwa sababu ndani yake meneja anasikia sauti ya mteja mkubwa. Mwombe ofisa utawala wako aisaini.

Barua yenyewe

Hata hivyo, kinachodumu ni barua. Iandike kwa Kiswahili hata kama unakijua Kiingereza vizuri, kwa sababu unataka isomwe na meneja, na mhasibu, na msimamizi, na kisha mhusika mwenyewe bila kutafsiriwa. Wageni kutoka Bujumbura na Kalemie waliotuandikia kwa Kiswahili chao chenye ladha ya ng'ambo ya ziwa walieleweka na kila mtu jengoni. Hii ni barua ya mfano, yenye nafasi wazi pale panapohitaji majina:

S.L.P. ……,
Tabora.
12 Machi, 2025.

Meneja,
Hoteli ya ……,
S.L.P. ……,
Kigoma.

YAH: SHUKRANI KWA KAZI YA NDUGU …… WA JIKONI, USIKU WA KUAMKIA TAREHE 6 MACHI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa mgeni wenu katika chumba namba 9 kuanzia tarehe 4 hadi tarehe 7 Machi. Jioni ya tarehe 5 nilieleza mapokezi kwamba mimi na wenzangu wawili tungeondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kibirizi kupanda boti ya Gombe, na kwamba mmoja wetu ana kisukari na hawezi kusafiri bila kula. Ndugu ……, aliyekuwa zamu jikoni, alikuja mwenyewe kuuliza mwenzetu anakula nini na amekatazwa nini. Alfajiri tulikuta uji usiotiwa sukari katika chupa ya chai, mayai ya kuchemsha na karanga, vikiwa katika vifurushi vitatu, na kile cha mwenzetu kikiwa na alama ya utepe mwekundu. Tuliondoka kwa wakati, na mwenzetu alikwenda na kurudi salama.

Kazi yangu hunilaza katika nyumba nyingi za wageni, na ni mara chache nimeulizwa swali kama lile kabla sijalieleza mwenyewe. Naomba barua hii iwekwe katika faili la utumishi la Ndugu ……, naye apewe nakala.

Wako,
(Saini)
……
Simu: ……

Nakala: Ndugu ……, Jikoni.

Itazame vizuri, utaona kwamba haina neno hata moja la kusifu tabia. Hakuna "mkarimu", hakuna "mchapakazi", wala "mfano wa kuigwa". Ule utepe mwekundu umefanya kazi ya maneno hayo yote. Ugonjwa wa mtu mwingine umetajwa kwa kuwa ndio uliolifanya tendo liwe na uzito, ila mwenyewe hakutajwa jina, na kabla ya kuandika ni lazima awe ameridhia. Ombi la mwisho kuhusu faili ni muhimu kuliko mgeni anavyodhani, kwa sababu barua isiyoelezwa iende wapi hubaki mezani, na kilichobaki mezani huishia kufungia maandazi. Nakala kwa mhusika ni ulinzi wa pili: meneja anapojua kwamba mfanyakazi naye anayo, huwa vigumu kuisahau.

Kuna mengine mawili kuhusu wakati wa kuandika. Kwanza, katika maeneo mengi ya kazi nchini mfanyakazi bora hutangazwa Mei Mosi, na uamuzi hufanywa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Barua ya Machi inaingia kikaoni. Barua ya tarehe 3 Mei inangoja mwaka mzima. Pili, wengi wa wahudumu wa hoteli wako katika mikataba ya muda mfupi, na mkataba unapokaribia kwisha meneja hulifungua faili kuona kuna nini ndani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayeachishwa au kuacha kazi haki ya kupewa cheti cha utumishi, lakini cheti hicho husema alifanya kazi wapi, tangu lini na kwa cheo gani, hakisemi aliifanyaje. Nilimfahamu mama mmoja wa dobi aliyeitia barua ya mgeni katika mfuko wa nailoni na kuibeba ndani ya mkoba wake pamoja na kitambulisho. Alipokwenda kuomba kazi katika nyumba nyingine ya wageni eneo la Mwanga, hapa hapa Kigoma, barua hiyo ndiyo aliyoitoa kwanza, kabla ya cheti.

Baada ya kuituma, kwa mkono, kwa baruapepe au kwa kuipiga picha na kuirusha WhatsApp kwenye namba ya hoteli, ngoja kiasi cha wiki mbili. Usiposikia kitu, piga simu mapokezi saa nne asubuhi, wakati wageni wa jana wamekwisha kuondoka na wa leo hawajafika, na uulize kwa upole kama barua imemfikia meneja na kama mhusika ameisoma. Usiulize atapewa zawadi gani, na usimdai meneja ampandishe mshahara, kwani hapo utakuwa umeingia katika mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Aliyepokea simu akikuambia usubiri amwite mhusika mwenyewe kutoka jikoni, mngoje kwenye laini. Hatakuwa na mengi ya kusema, nawe huna haja ya kumrefushia, kwa kuwa sufuria iko motoni.